Namba Moja Saba wa Mtaa wa Pine

Kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi huko Marekani, pale Harlow, Georgia, watoto wa shule walifundishwa habari za yule bwana wa karanga, mwanasayansi mweusi aliyezitafiti. Darasa la tatu karanga, la tano karanga, la nane karanga tena. Mwaka huu Mwalimu Renita Broadnax akaapa kwamba karanga basi. Darasa lake la maarifa ya jamii lingesoma habari za watu weusi wa Harlow hapahapa, kuanzia Shule ya Mtaa wa Pine, waliyosoma mababu wa watoto hawa kabla haijabomolewa kupisha barabara kuu.

Kikwazo kilikuwa Bwana Dunlap, mwenyekiti wa kamati ya mitaala ya wilaya.

"Mwalimu, mimi sipingi," alisema, na hapohapo Renita akajua kwamba anapinga. "Niletee tu karatasi ya wilaya, hata moja, yenye jina la shule hiyo."

"Karatasi si mlizitupa wenyewe mlipohama ofisi?"

"Basi unauona ugumu wangu." Akampa mpaka Alhamisi saa kumi, kamati itakapokaa mbele ya wananchi. Akikosa, ni karanga.

Renita alitoka pale anafuka moshi, akaenda moja kwa moja saluni kwa shangazi yake, Bi. Earlene Tuggle, ambako habari za mji hufika kabla hazijatokea.

"Shangazi, nataka vijitabu vya mazishi."

Hakuhitaji kueleza. Harlow mtu mweusi hazikwi bila kijitabu: picha yake juu, ndani alikozaliwa, alikosoma, kanisa lake, watoto wake. Hakuna anayekitupa. Kinawekwa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, juu ya vingine. Zikapigwa simu mbili tatu, na kabla rangi ya nywele ya mteja haijakolea, maboksi sita yalikuwa sakafuni.

Renita akaketi katikati yake, akasoma. Marehemu wa kwanza: alihitimu Mtaa wa Pine mwaka 1951, namba moja darasani. Moyo ukamruka. Wa pili: 1951, namba moja. Wa tatu, vilevile. Alipofika wa saba akafumba macho.

"Shangazi, darasa la mwaka hamsini na moja lilikuwa na watu wangapi?"

"Tisa. Kaka yangu alikuwemo."

"Tisa! Na saba ni namba moja?"

Bi. Odell Sims, vibanio kichwa kizima, akatoa kichwa kwenye mashine ya kukaushia.

"Namba moja alikuwa mama yangu."

"Mama yako?" Bi. Earlene akashika kiuno. "Aliyehesabu kwa vidole mpaka anaolewa?"

"Afadhali vidole! Kaka yako alirudia darasa mara mbili, mkamwandika kama profesa!"

"Jamani!" Renita akapiga boksi. "Mliandika uongo, sasa nitampelekea nini yule mtu?"

"Uongo gani, mwanangu?" alisema Bi. Earlene, kwa upole kabisa. "Siku ya kumzika mtu unampaje namba nne?"

Renita akawasihi wanawake wa saluni wasije kikaoni. Alhamisi saa kumi walijaa ukumbi mzima, na kofia zao za kanisani.

Bwana Dunlap akafunua vijitabu kimoja kimoja, akatabasamu. "Namba moja saba. Hizi ni sifa za msibani, Mwalimu. Si historia."

Bi. Odell alikuwa ameshasimama. Kanuni humpa kila mwananchi dakika tatu, naye akazitumia zote: yeye mwenyewe alisoma Mtaa wa Pine mpaka siku tingatinga lilipokuja, jiko la makaa lilikuwa kona ya kushoto, na mama yake ndiye aliyekuwa namba moja. Bi. Earlene akasimama kumkanusha: jiko lilikuwa kulia! Wa tatu akawakanusha wote wawili, akataja vitabu chakavu vilivyotupwa na shule ya wazungu, vimeandikwa ndani majina ya watoto wao. Kila aliyekaa alikuwa amemchokoza mwingine asimame. Dunlap aligonga meza kwa nyundo yake ya uenyekiti mpaka akachoka.

"Hili suala la Shule ya Mtaa wa Pine—" alianza.

"Dakika zangu hazijaisha!" akakatizwa na mmoja wao.

Renita alitamani sakafu immeze. Watu wake mwenyewe ndio wanaommaliza! Akageuza uso asiwaone, ndipo macho yakaangukia vidole vya Bi. Peggy, katibu wa kamati, vikikimbia kwenye kompyuta.

"Bi. Peggy, unaandika yote?"

"Sheria. Jina la msemaji na alichosema."

"Huo muhtasari ni karatasi ya nani?"

Bi. Peggy akaacha kuandika. "Ya wilaya."

"Na Shule ya Mtaa wa Pine imetajwa mara ngapi?"

Akatafuta. "Arobaini na moja." Akakohoa. "Moja ni ya mwenyekiti."

Dunlap alimtazama Bi. Peggy, akaitazama nyundo yake, akaomba kura. Tatu kwa mbili, somo likapita.

Nje, kwenye maegesho, hakuna aliyempongeza Renita.

"Hiyo karatasi," Bi. Odell alidai, "imemwandika nani namba moja?"

"Watakaochunguza ni wanafunzi wangu. Watakuja kuwahoji, nyumba kwa nyumba."

"Waanze kwangu."

"Kwako wakafuate nini?" Bi. Earlene akafoka.

Renita akaingia garini, akapandisha vioo, akalaza kipaji cha uso kwenye usukani. Honi ikalia. Hawakugeuka hata kidogo.