Miezi Miwili Kisogoni mwa Mama Carmel

Victorine wa Bukavu alikuwa msusi mwenye vidole vyepesi mno. Wanasimulia pale Braamfontein kwamba aliweza kumaliza mstari mzima wa nywele kabla robot ya kona, ile taa ya magari, haijatoka nyekundu kwenda kijani. Lakini Jumatano ile vidole vilisimama. Alifungua kitabu chake pale alipoishia jana, akakuta kurasa kumi na moja za mwisho hazipo. Zimekatwa.

Na hicho kilikuwa kitabu cha sita, cha mwisho, cha hadithi ya michoro aliyoifuata miaka minne yeye na Annick: Zuhra, nahodha wa chombo cha angani, na Tilana, fundi mitambo wake, wanawake wawili wanaopendana, wanawindwa na dola nzima kutoka sayari hadi sayari. Annick, Mrundi, alisukia kwenye kiti cha pili katika saluni ileile. Yeye na Victorine walikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, na kila jioni Victorine alimsomea, akitafsiri Kiingereza chake, sura moja, moja tu, utamu usiishe upesi. Kitabu cha tano kilikuwa kimemwacha Tilana akielea nje ya chombo, hewa ikimwishia.

"Watamuua," Annick alikuwa akisema. "Kwenye hadithi, watu kama sisi lazima mmoja afe. Akifa usinisomee. Niambie tu kitabu kimepotea."

Victorine alikipeleka kitabu dirishani, akavikagua vishina vya karatasi. Ukingo ulikuwa na meno kama ya msumeno. Mkasi wa namna hiyo ni wa mafundi cherehani, wa kukatia kitambaa kisichomoke nyuzi. Na fundi cherehani aliyekaa saluni juzi kando ya kitabu hicho akisubiri kupangiwa zamu, mkoba mapajani, alikuwa mmoja: Mama Carmel mwenye cherehani yake Fordsburg, yule aliyewaita "wale ndugu wawili" huku amebinua mdomo.

Alifungua daftari la zamu. Jumamosi, saa tatu asubuhi: Mama Carmel. Jumapili ilikuwa siku yake ya kusimikwa kiongozi wa kwaya ya akina mama. Victorine akatabasamu tabasamu ambalo lilimfanya mteja aliyekuwa kitini aombe kwenda chooni.

Jumamosi alimpokea Mama Carmel kwa chai. Akafumua, akachana, akasuka upande wa kulia mistari myembamba iliyolala kama imechorwa kwa kalamu. Upande wa kushoto nywele zilisimama kama zimeona jini. Hapo akaweka kitana chini.

"Mama Carmel, kurasa zangu ziko wapi?"

"Kurasa gani tena, binti?"

Victorine akamwekea kitabu mapajani, meno yakimtazama. Mtu akazima kikausha nywele.

"Nilizichoma! Nimewaokoa nyinyi wawili."

"Sharp, sawa. Basi kesho utaimba na nusu kichwa."

"Nitaenda kwa msusi mwingine!"

"Nenda. Jumamosi hii viti vyote vimejaa kuanzia hapa mpaka mjini. Atakayekupokea atafumua kwanza, na mimi nimekaza."

Mama Carmel alijitazama kwenye kioo, kulia, kushoto, tena kulia. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitabu cha nyimbo, na ndani yake kurasa zote kumi na moja. Pembe zilikuwa zimelegea kwa kufunuliwafunuliwa, na moja ilikuwa na doa la mafuta ya maandazi.

"Eish!" akapasuka mteja mmoja. "Mama, umezisoma mara ngapi?"

"Nilikuwa nachunguza dhambi!"

"Basi ichunguze kwa sauti," akasema Victorine. "Ukurasa mmoja, mstari mmoja wa nywele. Na utafsiri, Annick asikie."

Akasoma. Alianza kwa kunong'ona, kitana kikasimama, akapaza. Zuhra akachana bendera ya dola vipande vipande, akasokota kamba, akaruka nje ya chombo. Ufagio wa Annick ulikuwa umeganda mkononi. Ukurasa wa tisa Tilana akavuta pumzi, na Annick akakaa sakafuni juu ya nywele za watu, akalia bila kujificha.

Ukurasa wa mwisho Mama Carmel akaufunika kwa kiganja. "Hapa hakuna maneno."

"Eleza picha."

"Wanafunga ndoa. Miezi miwili angani nyuma yao, imeshikana. Wana… wanabusiana."

"Sikusikia. Kesho ndivyo utakavyoimba?"

"WANABUSIANA!" Mpaka walinzi wa jengo la pili wakageuka.

Victorine alimaliza kisogo polepole, mahali kioo kisipofika. Jumapili, yeye na Annick wakakaa benchi la nyuma kanisani. Mama Carmel akawageukia waimbaji, akawapa waumini kisogo, na hapo ikaonekana miezi miwili iliyoshikana, imesukwa safi kuliko mchoro wenyewe. Wanafunzi watatu wa chuo kikuu wakaruka kutoka vitini, ngumi mbili kifuani, salamu ya Zuhra na Tilana, wakipiga vigelegele. Mama Carmel alidhani Roho ameshuka. Akazidisha mikono, akatikisa kichwa, na miezi ikacheza.

"Utamwambia?" akanong'ona Annick.

"Siku ya kuzifumua. Nilizikaza zidumu wiki sita."

Jumamosi iliyofuata wakaja akina mama wanne wa kwaya, wamefuatana. Walitaka vilevile kama kiongozi wao, hasa kisogoni.

Victorine akachukua kitana. "Karibuni mkae," akasema.