Chanzo Hakikutaka Kutajwa

Idara mbili zilipokubaliana kuanzisha shahada ya uzamili ya uchumi na uandishi wa habari, hapo ndipo makubaliano yao yalipoishia. Ofisi walipewa moja, wakaikata katikati kwa kabati la mafaili. Upande wa dirisha akakaa Mchumi, profesa aliyeamini kwamba mtu mmoja si kitu mpaka wafike elfu. Upande wa mlango akakaa Mhariri, ambaye zamani aliongoza gazeti, na kwake takwimu zilikuwa maficho ya waongo. Mwanafunzi wa shahada hiyo alikuwa mmoja tu, na wanafunzi wa shahada nyingine wakamwita Nusunusu. Walimwonya kuwa mshika mbili moja humponyoka. Yeye akajibu kwamba Mungu alimpa mikono miwili.

Tasnifu yake ilihusu ndoo. Mwaka ule bei ya ndoo za plastiki ilipanda ghafla mji mzima, kutoka elfu tatu hadi elfu tano, na hakuna aliyejua kwa nini. Plastiki haikupanda, mafuta hayakupanda, kodi haikuguswa. Mabeseni na majagi yalikaa kwa adabu pale pale yalipokuwa. Watu walilalamika mpaka afisa biashara akatangaza kwamba aliyeanzisha upuuzi huo, siku akijulikana, atanyang'anywa kibanda chake sokoni.

"Nenda katafute chanzo," Mchumi alimwagiza Nusunusu.

"Nenda katafute chanzo," Mhariri naye akamwagiza, kutoka ng'ambo ya kabati.

Nusunusu alishukuru kwamba hatimaye walimu wake wameimba wimbo mmoja. Maskini, hakujua kwamba neno ni moja lakini kila mmoja ana lake moyoni. Mchumi alitaka kilichosababisha. Mhariri alitaka mtu aliyesema.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chanzo alikipata jikoni kwao, akisugua masufuria. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki, alikuwa muuza ndoo, na jioni ile alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama kwa jicho la mtu mwenye jambo linalomwasha.

"Mwanangu, nikikwambia kitu utanitaja huko chuoni?"

"Sikutaji, mama."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Basi ni mimi. Siku ile jino lilikuwa linaniua, hata mdomo sifungui. Akaja mteja, ndoo bei gani. Nikamnyooshea mkono, hivi, yaani subiri kwanza nimeze dawa. Yeye akahesabu vidole. Akalipa elfu tano akaenda zake. Majirani wote macho kodo."

"Si ungewaambia umekosea?"

"Kwa mdomo gani? Nilipopona nikakuta soko zima elfu tano. Nikishusha peke yangu watauliza kulikoni. Na kile kibanda ndicho kimekusomesha, usisahau."

Nusunusu hakusahau. Alirudi mezani kwake akaandika, katika sura ya nne, kwamba chanzo cha kupanda kwa bei ya ndoo kilizungumza na mtafiti kwa sharti la kutotajwa jina.

Mchumi aliisoma sentensi hiyo, akavua miwani, akaipangusa, akaisoma tena.

"Hii ni sababu gani yenye haya?" aliuliza. "Ukame ukipandisha bei, huwa unaomba usitajwe?"

"Chanzo hakitajwi hata mahakamani," Mhariri akajibu kabla hajaulizwa. "Akikitaja namfelisha."

"Asipokitaja namfelisha mimi."

Mafahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nusunusu alisimama katikati, ameshikilia kabati lisianguke.

Siku ya kutetea tasnifu, ukumbi ulijaa. Mama mdogo aliwahi kiti cha mbele kabisa, amevaa gauni lake la sherehe, na mapajani ana zawadi aliyoifunga kwa karatasi ya maua. Hakuelewa vizuri kitakachosemwa, ila alijua kwamba mtoto wake atasema na wakubwa watasikiliza. Afisa biashara naye alikuja, maana tangazo la mlangoni lilisema kwamba chanzo cha bei ya ndoo kitajadiliwa. Alikaa nyuma ya mama mdogo, kalamu mkononi.

"Mtahiniwa," alisema Mchumi, "kwa mara ya mwisho. Chanzo ni nini?"

"Siwezi kukitaja, profesa."

"Vizuri sana," Mhariri akasema.

"Basi hakijui," Mchumi akasema. "Miaka miwili ya masomo na hajui. Andikeni kwamba amefeli."

Mama mdogo alivumilia yote, lakini hilo la kuambiwa mwanawe hajui lilimshinda. Akasimama.

"Nani hajui? Huyu mtoto anajua vizuri sana. Nilimwambia mimi mwenyewe, jikoni kwetu. Chanzo ni mkono huu hapa."

Akauinua mkono, wote wauone. Alikuwa anamtetea mwanawe tu, na mpaka masikio yake yalipopata habari za mdomo wake, afisa biashara alikuwa ameshafungua daftari.

"Mtahiniwa," afisa akauliza, "ni kweli? Ndiye huyu?"

Nusunusu alimtazama mama yake mdogo, mkono bado uko hewani. Alimpenda kuliko shahada, kuliko walimu wote wawili na kabati lao. Akakumbuka somo la Mhariri: ukibanwa, usikubali hata kwamba mnajuana.

"Huyu mama simfahamu," akasema.

Ukumbi ukacheka, kwa sababu mwanya wa meno walikuwa nao sawasawa, na masikio pia. Ikabidi aongeze sauti.

"Simfahamu kabisa. Sijawahi kumwona. Nadhani hayuko sawa kichwani."

Afisa akafunga daftari. Sheria haikumruhusu kumnyang'anya kibanda mgonjwa wa akili. Mhariri alifuta machozi, akasema kwamba katika maisha yake yote hajaona chanzo kikilindwa namna hiyo. Mchumi naye alifurahi, maana kama mama yule si kitu, basi chanzo hakijulikani, na vyanzo visivyojulikana vina mahali pao mwishoni mwa kila hesabu ya wachumi, chini ya herufi moja ndogo ya makosa isiyoulizwa maswali. Nusunusu akafaulu kwa daraja la juu. Walimu wake wawili wakapeana mikono hadharani.

Mtahiniwa hakungoja picha. Alitoka mbio, akamkuta mama mdogo kwenye ngazi za nje, anafunga kamba za viatu.

"Mama mdogo, nimekuokoa! Kibanda kimepona, umeona?"

Mama mdogo alimaliza kufunga kamba. Akainuka, akamtazama kwa ule upole anaowatazama nao wateja wanaopita bila kununua, akampa zawadi kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

"Hongera, kijana," alisema. "Nyumbani kwenu watafurahi sana."

Nusunusu akageuka haraka, akidhani afisa biashara yuko nyuma yake, ndiyo maana. Nyuma yake hapakuwa na mtu.