Pumzi Ndani ya Mkoba wa Madam

Kofi la kwanza lilimpata Jael akiwa bado ameshika birika la kahawa. La pili lilipompata, birika lilikuwa limeshavunjika sakafuni. Wageni wa Madam Nawal waliendelea kuzungumza kana kwamba upepo tu ndio uliobamiza mlango. Kosa la Jael lilikuwa kukohoa. Alikohoa mbele ya watu, juu ya sinia la tende, na kila alipojaribu kujizuia kikohozi kilizidi.

“Kifua kikuu!” Madam alimfokea jikoni, amemkamata mtandio kooni. “Umeniletea kifua kikuu nyumbani kwangu!”

Kifua kikuu kilitoka wapi? Nyumba ile ya mtaa wa Aziziya ilifukizwa udi asubuhi na jioni, na siku za wageni chetezo kilizungushwa chumba hadi chumba mpaka mapazia yakalewa. Udi ni kitu kizuri, sibishi. Lakini aliyekibeba chetezo alikuwa Jael, na kabla ya kukibeba alikuwa amesugua vyoo vyote kwa klorini, madirisha yamefungwa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Alipotoka kwao Vihiga kuja kufanya kazi za ndani alikuwa mzima. Sasa kifua kilimpiga miluzi kila alipolala, na kupanda ngazi na kapu la nguo ilikuwa kazi ya kufa na kupona.

Kesho yake Madam alimpakia garini. Wanawake wa nchi ile ya Kiarabu walikuwa wameruhusiwa kuendesha mwaka uliotangulia tu, na Madam aliendesha kama anailipizia barabara kisasi cha miaka yote ile. Alichotaka ni kimoja: daktari aandike kifua kikuu, ili ofisi iliyomleta Jael imchukue na kumletea mwingine.

Daktari wa familia katika kliniki waliyokwenda alikuwa Ruqayya, mzaliwa wa Mombasa. Jael alipoisikia lafudhi yake nusura alie.

“Watoka wapi, dadangu? Na kifua hichi chakuzidi wakati gani?”

Madam alijibu yeye, kwa Kiarabu, mkono juu. Ruqayya hakumtazama. “Nimemuuliza mgonjwa,” alisema.

“Nikiosha choo, daktari,” Jael alisema. “Na nikishika ule moshi. But Ijumaa wakienda kwa mamake Madam, nikibaki peke yangu, napumua sawa kabisa.”

Ruqayya alimsikiliza mgongo, akamwangalia puani na machoni, akampa kibomba cha plastiki chenye mshale wa kupimia pumzi apulize kwa nguvu zake zote. Mshale ulisogea kidogo ukachoka. Akamvisha barakoa ya mvuke wa dawa, akamwacha avute, kisha akampa kibomba tena. Safari hii mshale ulipanda hadi juu. Picha ya kifua ilirudi safi.

“Kifua kikuu hakifunguki kwa mvuke,” daktari alimwambia Madam. “Hii ni pumu, na nyumba ndiyo inayoichokoza. Klorini asishike tena. Udi nao asiukaribie.”

Hapo ndipo Ruqayya, mwanamke mwema na mwenye elimu yake, alipofanya kosa. Alifundishwa kwamba daktari wa familia hutibu nyumba nzima, si mtu mmoja. Na kwao Mombasa dawa za mgonjwa hukabidhiwa yule anayeshika funguo, awe mama, shangazi au bibi, na mgonjwa hulala akijua ataamshwa ameze. Basi alitoa pampu mbili za kuvutia dawa, akamweleza Madam kwa upole na kwa kirefu: hii ya kahawia kila asubuhi na usiku, hata akijihisi mzima, hii ya buluu kifua kikibana. Kisha akaziweka mkononi mwa Madam. Jael aliziona zikiingia kwenye mkoba mweusi, akausikia mkoba ukifungwa. Alifungua kinywa aseme. Madam akamtazama, naye Jael akakifunga.

Pampu ya kahawia ilitupwa siku hiyohiyo, kwa kuwa Madam hakuona ilichofanya. Ya buluu ikawa mshahara.

“Maliza vyoo kwanza,” alisema. “Halafu utapata.”

Jael alisugua kwa klorini ileile aliyokatazwa, akitambaa, midomo imegeuka rangi, ndipo mkoba ukafunguliwa akapewa avute mara moja tu. Akiomba tena, alichapwa kwa hanga la nguo, mgongoni na miguuni, mahali ambapo gauni linafunika. Siku aliyothubutu kulitaja jina la daktari mbele ya jirani, alifungiwa chumba cha kufulia mpaka akagonga mlango kwa paji la uso. Baba mwenye nyumba, mume wa Madam, alifanya kazi Riyadh. Jael alimpigia simu kwa siri, akamweleza yote.

“Msikilize Madam,” alijibu. “Mafi mushkila, hakuna tatizo. Usituletee fujo.”

Alhamisi moja Madam alialikwa harusini. Alivaa, akajipamba, akasimama ghorofani, pale ngazi zinapoanza kushuka, amelitandaza abaya lake ili lifukizwe, na Jael akapiga magoti chini yake na chetezo. Moshi ulimjaa usoni. Kifua kikafunga, na safari hii hakikubakiza hata upenyo. Alikiweka chetezo chini, akaunyooshea kidole mkoba uliokuwa begani mwa Madam, maana sauti haikuwepo.

“Nikirudi,” alisema Madam.

Jael akaushika mkoba.

Madam alimpiga kwa mkono, na alipoona haachii akavua kiatu, akampiga kisigino kwenye paji la uso hadi damu ikamwingia machoni. Jael hakuachia. Aliuma mkono wa Madam wenye pete, akauma mpaka meno yakagota mfupa, na Madam akapiga ukelele uliosikika barabarani. Walivutana pale juu, mwanamke mmoja akigombea harusi na mwingine akigombea uhai. Chetezo kilipigwa teke, makaa yakamwagika, moja likamng'ang'ania Jael kwenye unyayo, akalikanyaga bila kuhisi. Kisha mkanda wa mkoba ukakatika. Jael alianguka nyuma na mkoba kifuani. Madam naye alianguka nyuma, na nyuma yake palikuwa na ngazi za marumaru.

Jael alizisikia zote, ngazi baada ya ngazi, lakini hakutazama. Alimwaga mkoba sakafuni, akatupa rangi za midomo, funguo, simu, akaipata pampu, akavuta. Akavuta tena. Hewa iliingia kama maji kwenye mfereji uliokauka. Ndipo akachungulia chini.

Madam alikuwa amelala, paja limejipinda upande usio wake, damu ikimtoka sikioni, na bado anatukana. Jael alifurahi. Niseme ukweli jinsi ulivyokuwa: alifurahi hadi tumboni, na furaha ile ikamtisha kuliko damu. Alishuka kwa makalio na simu ya Madam, akaielekeza usoni mwake ili ifunguke, akaita ambulensi.

Hospitalini Madam alipelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Madaktari wakasema ataishi. Jael aliwekwa kitanda cha pembeni, mikono yote miwili pamoja kwenye pingu zilizofungwa kitandani, askari wa kike akiwa kitini. Baba mwenye nyumba alifika kwa ndege, na wauguzi walipokuja kumwondoa alikuwa ameshampiga Jael ngumi mbili za mdomo. Baadaye akaja Ruqayya. Jina lake lilikuwa kwenye lebo ya pampu, na polisi walimwita aeleze.

Aliona alama za hanga, akaona mguu ulioungua, akashika kichwa. “Yarabi! Mbona hukuniambia, dadangu?”

“Ningekuambia na nini? Pumzi yangu ulimpa yeye.”

Ruqayya aliomba karatasi. Aliwaandikia polisi taarifa pale pale, kila alama na mahali pake, akaitia sahihi. Akampima kifua, akamfunga kidonda, akaenda mwenyewe duka la dawa. Aliporudi na pampu mbili mpya askari alikuwa ameshasimama.

“Yalla, daktari. Gari linangoja. Mahabusu haingii na kitu mkononi.”

“Haya, basi sikiliza,” Ruqayya alimwambia askari, na tayari mkono wake ulikuwa umezinyoosha zile pampu kwake. “Hii ya kahawia ni ya asubuhi na usiku. Hii ya buluu, akibanwa tu, umpe—”

“Daktari!”

Jael alikuwa amekaa wima, mdomo umepasuka, pingu zimekaza mpaka kitanda kikasogea. Wagonjwa wa wodi nzima waligeuka.

“Nipe mimi,” alisema. “Usimwambie yeye. Mapafu ni yangu mimi.”

Askari alinyoosha kiganja kupokea, kama kawaida ya kazi yake. Ruqayya alikitazama kile kiganja, akazitazama pampu. Kisha akampita, akainama kitandani, akazitia katikati ya mikono iliyofungwa. Jael akazifumbata. Askari alipomshika vidole kuvifumbua, daktari alimshika askari mkono, na hakumwachia.