Akiba ya Mshono

Kinyozi hajinyoi, na fundi cherehani hamshonei mkewe. Hilo la pili wahenga hawakulisema, lakini watu wa mtaa ule walilisema kila walipomwona fundi aliyeitwa Jicho, naye hakulikanusha. Kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa alikuwa amevalisha maharusi, walinzi, mahakimu na wanafunzi. Mkewe alivaa alichojinunulia.

Jina la Jicho alilipata kwa kuwa hakuhitaji futi. Mteja akifika mlangoni, kabla hata ya salamu, fundi ameshajua kifua, kiuno na urefu wa mkono, na mara nyingi alipatia. Futi ilining'inia shingoni kwa heshima ya kazi tu. Alikuwa pia na sharti moja karakanani: nguo ikipunguzwa, kitambaa kinachozidi hakikatwi. Hukunjwa ndani ya mshono kikabaki akiba. "Mtu hukonda akanenepa," aliwaambia wasaidizi wake mpaka wakachoka. "Ukikata, umemwambia hanenepi tena."

Siku tatu kabla ya sikukuu mkewe alimwambia wakiwa mezani, wala hakuwa na hasira, "Mwaka huu nataka gauni. Sitaki hela ya gauni. Nataka gauni lenyewe, na uchague wewe."

"Nitakushonea."

"Hiyo ahadi ulinipa binti yetu hajaota meno, leo ana mume. Nenda kwa Shangazi, ukaninunulie la zamani. Nataka kulivaa siku ya sikukuu watoto wakiwepo."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Alikuwa mwanamke mwenye duka la mitumba nyuma ya soko, ila si mitumba ya kumwaga chini na kuchambua. Yeye alitundika magauni na makoti ya enzi ambazo vifungo vilivishwa kitambaa. Jicho alikuwa amewaambia wateja wake miaka nenda miaka rudi kwamba nguo za pale zinanuka kabati za watu. Kwenda kununua huko kulikuwa kula matapishi yake mwenyewe, na mkewe alilijua hilo fika.

Binti yake ndiye aliyemshauri abebe sampuli. "Jicho lako nalijua, baba, lakini Shangazi habadilishi." Jicho alinung'unika, kisha akachomoa gauni moja la kijivu kwenye kapu la nguo za kupiga pasi, akalizungushia gazeti kama mtu anayeficha samaki.

Duka lilikuwa limefurika. Mezani kulikuwa na zawadi za kila namna: vikombe visivyo na visahani vyake, mikanda, saa zilizosimama, vibweta vya vito visivyo na vito. Mwanamume mmoja mnene alikuwa akinusa mkoba wa ngozi kwa makini, na dada wawili walikuwa wakivutana kofia huku wakiitana "mpenzi". Shangazi alikaa juu ya stuli ndefu, pini mdomoni. Alipomwona Jicho alizitema zote.

"Makubwa! Umepotea njia, fundi, au wateja wamekukimbia?"

"Nimekuja kununua. Usinitangaze."

"Nikutangaze mara ngapi? Hawa wote wameshakuona."

Watu wakacheka, na Jicho akajitia kucheka nao. Akapita katikati ya nguo akipapasa mishono kwa dharau, kisha dharau ikaanza kupungua, maana mkono wa fundi haudanganyiki. Akalishika gauni moja la buluu: ukosi uliolala, mifuko pande zote mbili, bitana mpaka chini, na ndani ya mishono akiba ya vidole viwili kamili. Aliyelishona alikuwa na adabu.

"Kifua arobaini na mbili," akasema. "Hili ni lake kabisa."

"Likitoka halirudi," Shangazi akamkumbusha. "Hiyo sampuli umebeba ya nini?"

Akalitandaza la buluu mezani, na la kijivu juu yake. La buluu likajitokeza vidole vitatu kila upande.

"Umechukua la binti yako."

"Ni la mama yake. Pengine limesinyaa kwa kufuliwa."

Shangazi hakubishana. Aliligeuza la kijivu nje ndani, akalitazama kama alivyotazama kwa miaka yote nguo za watu asiowajua. "Halijasinyaa," akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na utani. "Limepunguzwa kwa mkono. Tena zaidi ya mara moja."

Jicho akainama. Ubavuni kushoto, kuanzia kwapani hadi kiunoni, kulikuwa na mistari mitatu ya mshono. Wa kwanza uzi wa kijani. Uzi ule aliununua mwanzoni mwa mwaka kwa sare za wanafunzi, na hakuwahi kununua mwingine. Wa pili uzi wa damu ya mzee, wa magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi, katikati ya mwaka. Wa tatu uzi wa rangi ya moshi, wa mashati ya walinzi. Huo ulikuwa bado uko kwenye cherehani yake. Kila Jumamosi mkewe alifagia karakana, na siku zote Jicho alidhani vipande vya nyuzi vinakwenda na takataka.

Akageuza upande wa kulia. Huko kulikuwa na mstari mmoja tu, ule wa moshi. Kitambaa kilichozidi kilikuwa kimekatwa, pamoja na ile mistari miwili ya kwanza.

Jicho aliogopa. Angeweza kumtajia yule mnene mwenye mkoba kipimo cha shingo yake bila kukosea, lakini hakukumbuka mkewe alivaa nini asubuhi hiyo. Kwa muda mrefu alikuwa akimtazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, kujua tu kama chakula kimefika wakati wake.

"Ninalo la thelathini na sita," Shangazi akasema taratibu. "Lina maua."

"Nifungie hili."

"Litampwaya, baba."

"Najua."

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Mkewe alikuwa akikunja mashuka, shuka moja likiwa limemfunika mpaka kidevuni.

"Simama, mama watoto."

Akaivua futi shingoni. Mkewe akaliweka shuka chini, akainua mikono kama mteja yeyote. Thelathini na tano na nusu. Jicho, ambaye kipimo hukitaja kwa sauti ili msaidizi aandike, hakukitaja.

"Tangu lini?"

"Tangu zile sare za wanafunzi."

"Daktari anasemaje?"

"Anataka kunilaza. Nimemwomba sikukuu ipite kwanza."

"Na mimi hukuniambia."

"Nilikuwa nangoja uone," mkewe akasema. "Nilipochoka kungoja ndipo nikataka gauni."

Jicho akairudisha futi shingoni. "Kesho tunakwenda," akasema. "Sikukuu itatukuta hukohuko."

Akaketi kwenye cherehani, akatunga uzi wa buluu, akapunguza vidole vitatu kila upande. Mkewe alisimama nyuma yake akimsogezea mkasi.

"Kata basi. Litanijaa ubavuni."

"Sikati."

"Mwenzio nimeshachoka kukunja."

"Nitakunja mimi," Jicho akasema, akakikunja kitambaa chote ndani, akakishikiza kwa mkono, kushoto na kulia.

Siku ya sikukuu watoto walikuja wodini na zawadi zao, wakamkuta mama yao ameketi kitandani na gauni la buluu. Lilimkaa vizuri mabegani. Ubavuni lilikuwa limevimba kidogo pande zote mbili, na kila aliyemkumbatia alikigusa kile kitambaa.