Amina ya Mshona Vifungo

Kitu cha kwanza msichana alichokigundua alipohamia kwa shangazi yake ni kwamba shangazi alisali jicho moja likiwa wazi. Jicho hilo lilizunguka meza nzima, likakagua vichwa vilivyoinama, kisha likatua kwa mhusika. Maana katika nyumba ile hakuna aliyegombezwa uso kwa uso. Watu walishtakiwa kwa Mungu, asubuhi, kabla ya chai.

Shangazi angemwomba Bwana amguse yule anayeacha sabuni ndani ya maji, na mumewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Baba, angekohoa. Kesho yake sabuni ilikuwa kavu. Hakuna aliyeweza kubisha kwamba maombi ya nyumba ile yalijibiwa.

Msichana mwenyewe alikuwa mshona vifungo katika duka la mama mmoja fundi cherehani. Hakuwa mtu wa maneno. Kwenye maombi kazi yake ilikuwa moja tu, kuitikia amina, na aliifanya kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa ndilo neno pekee alilokuwa na hakika nalo.

Jumatatu moja shangazi alimshukuru Mungu kwa ajili ya fundi redio wa kanisani kwao, aliyefiwa na mke na sasa anakula mkate mkavu. Msichana akaitikia amina. Jumanne shangazi akaomba fundi aonyeshwe mke. Amina. Jumatano akaomba mke huyo asitoke mbali, tena awe tayari kuacha kazi za watu akauze betri dukani kwa mumewe. Amina. Baba alimtazama msichana, akafungua mdomo, kisha akautia chai.

Alhamisi akaambiwa posa imekubaliwa, na dada wa fundi redio anakuja Jumamosi mchana kupanga siku.

"Lakini shangazi..."

"Lakini nini, mwanangu? Si uliitikia mwenyewe? Mara tatu. Ile ya mwisho mpaka paka akaamka."

Fundi redio hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, hanywi, na anaoga. Ila wiki ileile bosi wa msichana alikuwa amemkabidhi mkasi mkubwa, akamwambia mwezi ujao aanze kukata. Miaka miwili alikuwa ameshona vifungo kwenye mashati yaliyokatwa na wengine. Mkasi ule aliushika mara moja, akaurudisha mahali pake, akaenda nyuma ya pazia la kupimia nguo kutabasamu.

Ijumaa kutwa aliomba kimyakimya, vifungo viwili vikiwa mdomoni. Kwanza aliomba fundi redio apate safari ndefu. Halafu akaomba homa ndogo. Halafu akaona aibu, akaomba homa iondoke, ingawa hakujua kama ilikuwa imeshafika. Mwisho akaomba kitu kimoja: afungue mdomo mahali ambapo shangazi hawezi kumkatiza. Akashona vifungo sita zaidi ndipo akatambua kwamba mahali hapo anapajua. Mwaka mmoja pazia la sebuleni liliposhika moto Baba akiwa anasali, shangazi alisubiri mpaka amina ndipo akachukua ndoo.

Jumamosi asubuhi, kabla shangazi hajasafisha koo, msichana akasema, "Leo nitasali mimi."

Shangazi alifurahi mpaka akamshika Baba mkono. Vichwa vikainama.

Alianza kama wanavyoanza wote, akashukuru kwa kulala na kuamka. Alisikia sufuria ikichemka jikoni.

"Bwana, nisaidie," akasema, na hapo hakuwa akimwiga mtu. "Naogopa. Shangazi yangu amenitunza vizuri, mbariki. Fundi redio mpe mke anayependa betri."

Baba akakohoa. Shangazi akavuta pumzi ya kusema, lakini maombi ni maombi. Akaishusha polepole.

"Mimi simtaki, Bwana. Nataka kukata shati, kuanzia kola mpaka pindo, nilishone lote mwenyewe. Halafu nimwone mtu amelivaa barabarani, nipishane naye, asijue ni mimi. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Amina."