Bendi Iliyochinjiwa Mbuzi

Mwaka wa nne wa uhuru, pale Hell-Ville katika kisiwa cha Nosy Be, tulikuwa na bendi ya magitaa ya umeme iliyojua nyimbo za kutosha kuchezesha harusi nzima, ila haikuwa na jina. Tulikuwa wanne. Zoubeiri alipiga gitaa la solo na ndiye aliyekuwa kiongozi, kwa sababu gitaa lilikuwa lake. Ibouroi aliimba. Fazul alipiga ngoma. Mimi, Mikidache, nilipiga besi, chombo ambacho hakuna anayekisikia mpaka kinyamaze. Watu walituita "wale wa kwa Koko Koulsoum", kwa kuwa mazoezi tulifanyia uani kwa bibi yake Zoubeiri. Sisi wenye asili ya kisiwa cha Ngazija, bibi tunamwita Koko.

Ikatokea kwamba Bwana Athoumani, mwenye ukumbi wa dansi huko mjini Mahajanga, alipita kisiwani kwa shughuli zake, akatusikia, akatualika tupige ukumbini kwake usiku wa sikukuu ya uhuru. Alitaka kitu kimoja tu, jina la kuandika kwenye bango.

"Siwezi kuandika 'wale wa kwa bibi,'" alisema. "Watu watakuja na sahani wakidhani kuna pilau."

Kwa Zoubeiri safari hiyo haikuwa mchezo. Baba yake, Mzee Mdahoma, alikuwa karani katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, na alikwisha kumtafutia mwanawe kazi ya kupima mikokoteni ya miwa. Alimwambia hivi, mbele yetu sote: "Nendeni Mahajanga. Wenyewe wakiwaomba mpige usiku wa pili, sitasema neno tena juu ya hilo gitaa. Wasipowaomba, unakuja kiwandani na gitaa linauzwa." Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomtisha Zoubeiri, kwa maana Mzee Mdahoma alipokuwa akifoka alikuwa bado hajaamua.

Basi tukakaa uani kutafuta jina.

"Simba wa Nosy Be," alisema Zoubeiri.

"Umemwona wapi simba Nosy Be?" aliuliza Fazul.

"Bendi zote kubwa zina mnyama."

"Basi tujiite Komba. Komba tunao, ukivuka hapo tu Nosy Komba wanakuja kukunyang'anya ndizi mkononi."

"Nani atalipa kiingilio kumwona komba?"

Ibouroi alipendekeza Radi. Fazul akakataa, kwa sababu radi iliwahi kuunguza paa la shangazi yake, na shangazi huyo alikuwa akisikia neno hilo anaingia chini ya kitanda. Mimi nikasema tujiite Langilangi, kwa maua yetu yanayonukia kisiwa kizima, ambayo Wazungu huyakamua mafuta ya manukato.

Zoubeiri alinitazama kwa huruma. "Mikidache, ndugu yangu. Tunataka jina la kutisha, wewe unatuletea la kunukia."

Koko Koulsoum alikuwa akichambua mchele barazani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo haikuhitaji kupanda. Spika yetu kubwa ilikuwa mali yake. Aliinunua mwenyewe, na siku ambazo hatukuwa na mazoezi aliitandikia kitambaa na kuiwekea sinia.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Tunajipa jina, Koko."

"Mnajipa?" Aliweka ungo chini. "Zoubeiri, wewe ulijipa jina?"

"Hapana, Koko."

"Ulipewa na wakubwa wako. Ulichinjiwa mbuzi, ukasomewa dua, ukanyolewa, ndipo ukaitwa. Hiyo bendi yenu ina umri gani?"

"Miezi minane."

"Miezi minane haina jina wala haijanyolewa, na inataka kusafiri. Sasa nisikilizeni. Hilo sanduku langu linalonguruma halitoki nyumba hii kufuatana na kitu kisicho na jina. Jina nitatoa mimi."

Mimi sikuona ubaya. Jambo likianza kwa dua, moyo unatulia. Lakini Zoubeiri alikuwa ameganda kwenye neno moja.

"Koko, umesema kunyolewa?"

Lazima nieleze habari ya nywele. Tangu tulipoziona picha za wapiga magitaa kwenye majalada ya santuri, tulikuwa tumezifuga. Za Zoubeiri zilipanda juu, kisha zikaegemea upande mmoja kama wimbi lililoghairi. Alilala na kitambaa kichwani ili zisiharibike. Isitoshe, onyesho letu zima lilijengwa juu ya nywele hizo. Tulikuwa tukianza tumevaa kofia za ukili, na wimbo wa kwanza unapofika kilele Ibouroi anaitupa yake kwa watu, nasi sote tunatupa zetu, nywele zinachomoza, wasichana wanapiga kelele.

"Koko, sisi si watoto wachanga."

"Bendi ni mtoto mchanga. Nyinyi ndio kichwa chake. Au nikanyoe spika?"

Siku iliyopangwa, mbuzi alichinjwa. Fundi Msa, mwalimu aliyetusomesha Kurani sote wanne, alikuja kusoma dua. Koko alimwomba pia aadhini kwenye sikio la bendi, kama anavyofanyiwa mtoto. Fundi Msa aliizunguka spika taratibu, akaitazama mbele na nyuma, kisha akasema kwamba kwa elimu aliyojaliwa, adhana ya kuzaliwa ni ya binadamu, lakini dua hazina mipaka. Akatuombea kwa muda mrefu. Akatuombea safari, riziki na vidole vyetu, mpaka mimi machozi yakanitoka. Zoubeiri naye yalimtoka, lakini yeye kinyozi alikuwa amekwisha kuanza.

Tulipokuwa tumebaki na vichwa vinavyong'aa kama mayai, Koko alisimama akatoa jina.

"Kuanzia leo mnaitwa Watiifu."

Fazul aliangalia pilau.

"Watiifu," alirudia Koko, ameridhika sana. "Mzazi yeyote akisikia atamruhusu bintiye kuja."

Njiani kurudi nyumbani Zoubeiri alitangaza kwamba hawezi kupanda jukwaani na jina hilo. Bendi za magitaa zilikuwa zikiitwa majina ya chui, ya dhoruba na ya mashetani, na sisi tuitwe kama safu ya mbele msikitini. Nilimwambia kwamba jina lililosomewa dua halitupwi. Akasema hatulitupi, tunaliacha nyumbani lipumzike. Akampelekea Bwana Athoumani habari kwamba bendi inaitwa Simba wa Nosy Be.

Tulichukua meli ya pwani, spika imefungwa kwa mkeka. Tulipofika Mahajanga, mabango yalikuwa yamebandikwa kila ukuta, na simba amechorwa na mtu ambaye kwa hakika alikuwa amemwona mbwa. Nilisali isha katika msikiti ulio karibu na ukumbi, nikamwomba Mungu atufunike. Nilikuwa nafikiria kofia.

Ukumbi ulijaa. Huku walikaa Wangazija, ambao Mahajanga ni wengi kuliko unavyoweza kuhesabu, na huku Wasakalava, wenyeji wa pwani hii na watu wa ufalme wa zamani. Mke wa Bwana Athoumani, Bi Echata, ambaye kwa upande wa mama alikuwa wa ukoo wa wafalme hao, alisimamia vinywaji. Tukaanza, kofia vichwani, tumekubaliana kwamba usiku huo hazitupwi. Watu wakapenda. Nilimwona mzee mmoja akicheza na fimbo yake. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukafika kilele, na Ibouroi, kwa mazoea ya miezi minane, akaitupa kofia yake kwa watu.

Nasi, kwa mazoea hayohayo, tukatupa zetu.

Hakuna msichana aliyepiga kelele. Mtu mmoja aliacha kucheza, kisha watano, kisha ukumbi wote. Fazul aliendelea kugonga peke yake kidogo, halafu naye akaacha. Bi Echata alitazama vichwa vyetu vinne chini ya taa, akaweka chupa mezani, akaanza kufumua nywele zake.

Ndipo tulipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa Nosy Be analijua. Kwa Wasakalava, anapofariki mtu wa ukoo wa kifalme, wanaume hunyoa vichwa na wanawake hufumua nywele. Na muziki hukoma.

"Nani?" iliulizwa kwa Kisakalava kutoka mlangoni. Neno hilo likapita meza hadi meza, nani, nani, na wanaume wakaanza kuvua viatu vya dansi.

Bwana Athoumani alipanda jukwaani akitokwa jasho. "Nani amefariki huko kwenu?" alimnong'oneza Zoubeiri. "Na kwa nini hamkuniambia kabla sijafungua soda?"

"Hakuna aliyefariki."

"Basi waambie watu kwa nini mmenyoa, maana hapa haipigwi ngoma tena mpaka wajue."

Zoubeiri alitugeukia.

"Sema chawa," alinong'ona Ibouroi.

"Wote wanne? Watakimbia."

"Sema tumetoka kuhiji," alisema Fazul.

"Na magitaa?"

Watu wa meza ya nyuma walikwisha kusimama kwenda zao. Nilimwona Zoubeiri akiwafuata kwa macho, na nilijua anachokiona: mikokoteni ya miwa, mmoja nyuma ya mwingine. Alisogelea kipaza sauti.

"Samahani, wazee wangu," alisema kwa Kimalagasi. "Hakuna aliyekufa. Sisi... tumepewa jina."

Waliokuwa wakitoka wakasimama mlangoni.

"Bibi yangu alisema bendi ni mtoto. Mtoto akipewa jina hunyolewa. Kwa hiyo tumenyolewa."

Upande wa Wangazija akainuka mama mmoja mnene aliyevaa shiromani nyekundu, ile shuka ya kujitanda ya wanawake wa kwetu. Baadaye tuliambiwa anaitwa Bi Mariamou, na kwamba hakuna akika, sherehe ya kumpa mtoto jina, iliyofanyika Mahajanga bila yeye kukagua.

"Mbuzi alichinjwa?" aliuliza.

"Alichinjwa, mama."

"Dua alisoma nani?"

"Fundi Msa wa Hell-Ville."

"Namjua. Husoma kwa kirefu." Alitikisa kichwa kwa kukubali. "Basi ni halali. Na jina mlilopewa ni lipi?"

Bango lenye yule simba lilikuwa limetundikwa nyuma yake Zoubeiri. Alilitazama kidogo. Aliyewahi kumwona mtu akinywa dawa ya mwarobaini anaijua sura aliyokuwa nayo.

"Watiifu," alisema.

Wangazija waliangua kicheko kwanza, kwa kuwa wao walielewa mara moja. Wasakalava wakauliza maana yake, Bi Mariamou akawatafsiria kwa sauti ya kuridhisha ukumbi mzima, na kicheko kikavuka hadi upande wa pili. Mzee mwenye fimbo alilazimika kukaa. Kisha Bi Mariamou akapiga vigelegele, wenzake wakamjibu, na mmoja akaja kutunyunyizia marashi vichwani, ambavyo, nadhani, havijawahi kupokea marashi vizuri hivyo.

Bi Echata hakucheka. Alikuja mpaka mbele ya jukwaa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

"Nywele hizi nilisukwa asubuhi nzima," alisema. "Sasa pigeni mpaka nisahau."

Tulipiga. Sijui kama tulipiga vizuri. Najua Ibouroi alipoteza sauti, na Zoubeiri, aliyekuwa hana tena nywele za kulinda, alipiga gitaa hata akiwa amelala chali. Watu walitoka jasho, wakatoka nje kupunga upepo, wakarudi. Nilisema alhamdulillahi katikati ya wimbo na hakuna aliyesikia, kwa sababu ya besi.

Watu walipokuwa wakiondoka, Bwana Athoumani alikuja na ndoo ya gundi na burashi.

"Wanauliza kama mpo kesho," alisema. "Nimewajibu mpo. Nabandika mabango mapya sasa hivi. Niandike nini? Simba?"

Zoubeiri alikaa ukingoni mwa jukwaa. Koko alikuwa mbali, ng'ambo ya maji, na usiku wa pili tulikwisha kuupata. Angeweza kuchagua jina lolote duniani.

"Mfute simba," alisema. "Andika Watiifu."

"Watiifu tu?"

Alijipapasa kichwa, akafikiri.

"Na chini yake, kwa herufi kubwakubwa: hakuna aliyekufa."