Asilimia Tisa ya Bluu

Najiat wa Isevya alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la kununulia tumbaku. Jani likiletwa, alilipiga picha. Programu aliyoiandika ilikata mraba wa katikati ya picha na kuhesabu rangi: njano kiasi gani, kahawia kiasi gani, kijani kiasi gani. Daraja lilitokana na hesabu hiyo.

Jumatatu moja asubuhi, majani ya mkulima mmoja wa Sikonge yalitoa asilimia tisa ya bluu. Najiat alifuta kioo cha kamera, akapiga tena. Tisa. Alisogeza mraba kwenye ncha ya jani, bluu ikapungua. Aliusogeza kwenye kikonyo, mchumaji anaposhika, ikafika thelathini. Kwa macho jani lilikuwa la njano tu.

"Bluu haina daraja," alisema msimamizi wake, Silasi, akikoroga chai. "Iambie programu iiruke."

Najiat aliiambia iiruke kwenye daraja, lakini iiandike kando. Kisha akampigia simu mkulima, Apolinaria.

"Shikamoo, mama. Majani yako yana bluu."

"Marahaba. Bluu ya namna gani?"

"Ya kitenge kilichofuliwa sana."

"Hicho cha binti yangu, Levina. Aliyachuma yeye, yana umande, mikono mitupu. Sumu ya tumbaku ikampenya kwenye ngozi. Alitapika siku mbili, ya tatu tukamzika. Glovu mlituahidi tangu msimu wa juzi."

Jumamosi Najiat alipanda basi la Sikonge na kompyuta yake. Apolinaria alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda, akautazama mraba wa bluu uliojaa kwenye kioo. Aliongea nao Kinyamwezi kwa muda mrefu: mtoto wako ameota meno mawili, analala vizuri. Najiat aliishika kompyuta magotini mpaka chaji ikaisha.

Aliporudi aliandika barua kuhusu glovu, akaambatisha picha. Silasi aliisoma yote, akasema inasikitisha, akaitia kwenye faili.

Msimu uliofuata, kwenye majani mengine ya Sikonge, mraba ulitoa asilimia kumi na mbili ya zambarau. Najiat alipiga simu Sikonge.

"Mama, zambarau ni ya nani?"

"Ya jirani yangu, mke wa Ambrosi. Imefika?"

"Imefika leo."

"Itunze, mwanangu. Ambrosi atakuja kuiona akimaliza kuchuma yaliyobaki."